Mbwa wa Fleti: Pima Sauti Kabla ya Kilo

Mwanafunzi aliyepanga bedsita Roysambu au Juja akitamani kufuga mbwa, swali lake la kwanza huwa ni aina: yupi ni mdogo wa kutosha? Kwa kweli udogo ndio jambo jepesi kuliko yote. Mwili wa kilo nne huenea chini ya meza. Visivyoenea ni sauti, upweke na mikojo, na hivyo havipungui kwa kuwa mnyama ana kilo nne badala ya thelathini. Mbwa mkubwa mtulivu anaweza kulala mchana kutwa majirani wasijue kama yupo. Kijibwa cha kubebwa kwapani kinaweza kukuletea notisi ya kuhama kabla mwezi haujaisha.

Ukitaka kujua kwa nini, uliza mbwa huyo alifugiwa kazi gani. Spitz walifugwa wapige kelele mgeni akisogea. Jack Russell anatokana na mbwa wa John Russell, kasisi Mwingereza wa karne ya 19 aliyependa kuwinda mbweha na kutaka mbwa wa kumfuata hadi shimoni. Dachshund ni wa Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kuingia mashimoni kupambana na mnyama wa jamii ya nyegere. Ndiyo maana ana miguu mifupi, kifua kipana na sauti nzito ambayo mwindaji aliweza kuisikia kutoka chini ya ardhi. Maltese na Shih Tzu walifugwa wapakatwe na watu wa kasri, watu ambao hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Kazi hiyo ya mwisho inaonekana rahisi, lakini kwa mwanafunzi huenda ndiyo ngumu zaidi: mbwa aliyezoeshwa mapaja kwa vizazi na vizazi huteseka mapaja yakienda darasani.

Kabla ya kumtafuta

Anza na mkataba wa nyumba. Kama umekataza wanyama, basi. Kama haukusema lolote, usichukulie kimya hicho kuwa ruhusa. Msimamizi wa ploti aliyekwambia "lete tu, hakuna shida" hatakusaidia siku mpangaji wa chini atakapompigia simu mwenye nyumba. Omba ruhusa ya mwenye nyumba au wakala wake kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unatosha, mradi umetaja mbwa waziwazi. Uliza pia habari ya amana, maana milango ikikwaruzwa na mbwa, wewe ndiye utakayekatwa.

Wa pili kuulizwa ni mnayeishi naye. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, na hata Eastleigh na South C, kuna uwezekano mkubwa wa kuishi chumba kimoja au ngazi moja na Waislamu. Wengi wao huku kwetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kumwambia mwenzako "ni msafi, nimemwogesha jana" si jibu, kwa sababu hakuulizia uchafu wa aina hiyo. Kama mnachangia jiko na mahali anaposwalia, mbwa asije. Kama ni jirani wa ngazini tu, fupisha kamba mnapopishana, usimwache mbwa amnuse kanzu, na mtaishi vizuri. Adabu hiyohiyo wapewe watoto wa jengo, ambao wengi wao mbwa wanamjua kupitia kibao cha "Mbwa Mkali" kilichotundikwa langoni.

Kisha litazame jengo lenyewe. Chumba kinachopakana na ngazi ni kibaya, kwa kuwa kila hatua ya mpita njia itamfikia mbwa wako mlangoni. Chumba cha mwisho cha korido ni bora, na cha chini ni bora zaidi kama kuna kipande cha udongo nje. Ghorofa ya tano bila lifti ina maana kwamba utashuka na kupanda ukiwa umebeba mtoto wa mbwa saa tisa ya usiku, na pengine ukute lango limefungwa. Wengi hushawishika kumpeleka kwenye paa. Usithubutu. Kwenye majengo mengi ya Nairobi nguo huanikwa hukohuko, na shuka moja iliyokojolewa itakugombanisha na jengo zima. Tenga beseni pana la udongo au nyasi bafuni au kwenye roshani, lisafishe kila siku, na hakikisha maji yake hayatiririkii kwa jirani wa chini. Mahali ambapo maji huja kwa mgao, ihesabu ndoo ya mbwa mapema.

Baada ya hapo chukua ratiba yako ya masomo, uongeze muda wa matatu na foleni. Mtoto wa mbwa hubana mkojo takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili hawezi kusubiri zaidi ya saa mbili, usiku na mchana. Mbwa mzima anaweza kuachwa saa nne hadi sita bila kuteseka. Anayetoka Rongai saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku hana aina inayomfaa, hata amtafute wapi, isipokuwa kama kuna mtu wa kumtoa mbwa mchana.

Aina utakazokutana nazo

Nairobi utauziwa kwanza yule mweupe mwenye manyoya tele, Spitz wa Kijapani. Ni mbwa mzuri, nakiri. Alipatikana Japani katika miaka ya 1920 na 1930, ana akili, anampenda mwenyewe, na manyoya yake yana maajabu yake: tope likikauka hudondoka lenyewe. Ila ni king'ora chenye miguu minne. Kwenye nyumba yenye ua atakulinda; kwenye korido yenye milango kumi na miwili, kila anayerudi na mkebe wa maziwa atatangazwa. Anaweza kufundishwa kubweka mara mbili tatu na kunyamaza, lakini mafunzo hayo yanachukua miezi na yanataka mwalimu aliye nyumbani. Pomeranian, nduguye wa kilo mbili au tatu, ana tabia ileile kwa sauti nyembamba zaidi. Huyo usimvute kwa ukosi wa shingoni, kwa kuwa koromeo la mbwa wadogo kama yeye ni dhaifu. Mnunulie mkanda wa kifuani.

Chihuahua, mwenye asili ya Mexico, huwavutia wanafunzi kwa sababu anakula kidogo. Ni kweli, lakini kila kitu chake ni kidogo, pamoja na mifupa. Akiruka kutoka kitandani anaweza kuvunjika mguu, na kwenye chumba cha wanne atakanyagwa. Akiwa mchanga anapaswa kulishwa mara tatu au nne kwa siku, la sivyo sukari ya mwilini hushuka na anaweza kuzirai. Julai ya Nairobi itamtetemesha. Kwa mtu anayeishi peke yake, na mbwa mwenyewe akiwa ameshakua, anawezekana. Uchokozi wake, wanaousema wengi, mara nyingi hutokana na kuokotwaokotwa na wageni kama mdoli bila kuulizwa.

Jack Russell: hapana. Ukimwacha peke yake na godoro, utarudi ukute sponji.

Dachshund ningemruhusu kwenye chumba cha chini peke yake. Mgongo wake mrefu una pingili zinazoharibika kwa urahisi, na ngazi za kila siku pamoja na kuruka juu ya kiti huongeza hatari. Akinenepa ndio kabisa. Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma ni gharama na uchungu ambao mwanafunzi hana namna ya kuubeba.

Pug na French Bulldog wana pua fupi, na hapo ndipo ilipo shida yao yote. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema, na hawa njia zao za hewa zimebanwa. Mombasa, Tanga au Dar mwezi wa Februari, umeme ukikatika na feni ikazima ukiwa chuoni, joto la chumba kilichofungwa linaweza kumuua. Hata kwenye baridi ya Limuru, wengi wao hukoroma, huugua macho na ngozi, na baadhi huhitaji kupasuliwa ili wapumue. Ningependa watu waache kuwaita wazuri.

Wanabaki Shih Tzu na Maltese, ambao kati ya aina za kununuliwa ndio ningewatazama kwanza. Hawahitaji kukimbizwa sana, na wengi wao hawana makelele ya Spitz. Manyoya yao hukua bila kukoma kama nywele za binadamu, hivyo chagua: kuchana kila siku, au kunyoa fupi kila baada ya wiki kadhaa. Nyoa. Fundi wa mbwa akikuonyesha mara moja, utaweza mwenyewe kwa mashine. Muuzaji atakwambia kwamba mbwa hawa hawamdhuru mwenye mzio kwa kuwa hawapukutishi manyoya. Si kweli hivyo, maana kinacholeta chafya kiko pia kwenye mate na magamba ya ngozi. Kama una pumu, kaa na mbwa huyo chumba kimoja kwa saa kadhaa kabla ya kutoa pesa. Na kumbuka yale ya mapaja: aina hizi zinamfaa mwenye kusomea nyumbani, au anayeishi na shangazi.

Kuna mmoja ambaye wasomi wa mbwa wa fleti humtaja sana huko nje, na ni wa kwetu: Basenji, mbwa wa wawindaji wa msitu wa Kongo. Hana kubweka kwa kawaida, hutoa sauti kama ya kuimba, na wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo. Hujilamba kama paka na hana harufu nzito. Waingereza walimchukua katika miaka ya 1930 na kumfanya aina rasmi. Je, ndiye jibu? Wapi! Ni mwindaji wa kilo kumi anayetaka kukimbia kila siku, anayefungua vitasa na kuparamia uzio, na asipochoka atakula viatu vyako kwa ukimya uleule. Namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba utulivu wa mdomo na utulivu wa mwili ni vitu viwili, na fleti inadai vyote.

Yule ambaye hakuulizwa

Ukinitaka nichague, sitachagua aina. Nitachagua mbwa mzima, jike aliyefungwa uzazi, wa kienyeji au mchanganyiko, mwenye kilo kumi hadi kumi na tano, umri wa miaka miwili au mitatu kwenda juu. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu. Hujui atakuwa na sauti gani. Mbwa mzima anaonekana alivyo. Ukimtembelea mara kadhaa utajua kama anashtushwa na milango, kama anapenda watoto, kama anaweza kulala wewe ukisoma. Mkojo anajua kuubana. Na mbwa wa kienyeji, ambaye hakuna aliyempangia pua wala mgongo, huwa haji na magonjwa ya urembo.

Nairobi, watu wa kuwauliza kwanza ni KSPCA, shirika la kulinda wanyama lililoko Karen. Wanyama wake hutolewa wakiwa wamechanjwa na kufungwa uzazi, na utaulizwa maswali kuhusu unakoishi. Jibu ukweli, maana maswali hayo yanamlinda mbwa nawe pia. Chanzo kingine ni familia zinazohama nchi, hasa katikati ya mwaka shule za kimataifa zinapofunga. Wengi huacha mbwa wadogo waliozoea nyumba, wenye kadi kamili ya chanjo, kwa bei ndogo au bure.

Ukiamua kununua mtoto wa mbwa wa aina fulani, nenda kwa mfugaji ukamwone mama yake, pale anapolelewa. Asiyekuonyesha mama ana la kuficha. East Africa Kennel Club husajili mbwa wa nasaba, kwa hiyo anayedai "ana karatasi" akuonyeshe karatasi hizo. Usichukue mtoto wa chini ya wiki nane, hata ukihakikishiwa kwamba "anakula mwenyewe". Wale wanaouzwa kandokando ya barabara, wakiwa wameshikiliwa mbele ya vioo vya magari, waache. Najua utawahurumia. Huruma hiyo ndiyo inayolipia kapu la kesho.

Kadi ya chanjo isiyo na stika za chupa za dawa, tarehe na muhuri wa daktari wa mifugo ni kipande cha karatasi tu.

Sindano, kupe na chupa ya Jik

Chanjo za watoto huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huo, mara nyingi kuna kambi za chanjo za bure au bei nafuu. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti, na papo hapo uulize habari ya leseni ya mbwa. Mbwa yeyote akikung'ata, wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa unaowamaliza watoto wa mbwa mijini ni parvo, kuhara damu. Virusi vyake hukaa sakafuni na udongoni kwa miezi mingi. Basi kabla ya kuleta mtoto wa mbwa, uliza kama mpangaji aliyekutangulia alikuwa na mbwa, na kama huyo mbwa alikufa. Dawa nyingi za kunukia za kupigia deki haziviui. Jik iliyochanganywa na maji inaviua. Mpaka chanjo zikamilike, asikanyage kiwanja ambacho mbwa wa mtaa hupita.

Kupe nao wana habari ambayo wakazi wa fleti hawaijui. Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba: hushuka kwenye mbwa, hupanda ukutani, hutaga kwenye nyufa na nyuma ya kabati, na wanawe hurudi kwa mbwa. Ukiwaona wakitambaa ukutani umeshachelewa, na kumpaka mbwa dawa peke yake hakutatosha. Nyufa za chumba nazo zinataka dawa. Kinga ya kila mwezi ni rahisi kuliko kutibu homa ya kupe.

Jike asiyefungwa uzazi huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, hutoka damu, hali hiyo hudumu wiki mbili tatu, na madume ya mtaa mzima hulala langoni kwenu. Mfunge uzazi.

Chakula hakitakufilisi. Mbwa wa kilo tano hula karibu gramu 100 za chakula kikavu kwa siku, na ugali wenye omena na nyama za ndani husaidia kurefusha mfuko, mradi usiweke kitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Kinachofilisi ni daktari wa ghafla usiku wa Jumapili wakati mkopo wa HELB haujaingia, au huko Tanzania bumu limechelewa. Weka pembeni pesa ya ziara moja ya dharura kabla mbwa hajaja, na usiiguse.

Mwezi wa kwanza, na likizo

Mlete siku ya Ijumaa ya juma lisilo na mitihani. Siku ya pili anza kumzoesha kuachwa: toka dakika tano, rudi bila shangwe, kisha kumi, kisha nusu saa. Acha simu ya zamani ikirekodi sauti ndani. Wewe ndiye mtu pekee jengoni asiyesikia mbwa wako anavyolia, kwa kuwa hulia ukiwa haupo. Wape majirani wa pande zote namba yako wakuambie wewe kabla ya kumwambia mwenye nyumba. Mbwa mdogo pia anataka kutoka, angalau mara mbili kwa siku. Msitu wa Karura huruhusu mbwa aliyefungwa kamba, na kwa siku za kawaida barabara ya nyuma ya ploti inatosha.

Likizo ndizo huvuruga mipango. Chuo kinaweza kufungwa ghafla kwa mgomo, nawe upewe saa chache kuondoka; mabasi mengi ya kwenda Kisii au Kitale hayatakupakia na mbwa. Mafunzo ya kazini yanaweza kukupeleka Lodwar kwa miezi mitatu. Mbwa mdogo huishi miaka 12 hadi 15 na zaidi, shahada ni miaka minne, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake itakuwa baada ya chumba hiki. Waulize wazazi sasa kama watampokea, usiwaulize siku ya mahafali. Tafuta pia mtu mmoja mjini, aliyekubali kwa kinywa chake, wa kumchukua kwa saa yoyote. Ukimkosa mtu huyo, ahirisha, na kwa sasa ujitolee kumtembeza mbwa wa jirani au kulea kwa muda mbwa wa shirika. Ukimpata, mwachie nakala ya kadi ya chanjo, ufunguo wa chumba, kilo mbili za chakula na namba ya daktari wa mifugo.